"Baba Yetu" katika nyumba isiyo na baba
Familia zinazobadilika Katavi na imani yetu kwa Mungu



Ndugu wasomaji, kwa kawaida ukurasa huu hutumika kuwapa taarifa za visima, mizinga ya nyuki na vikundi vya VICOBA. Safari hii ninaomba tuzungumze jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wowote, lakini tunakutana nalo katika kila mradi. Nalo ni hili: maisha ya familia mkoani kwetu yamebadilika sana, na mabadiliko hayo yanagusa hata jinsi waumini wanavyomwelewa Mungu tunayemwita Baba.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja, alikuja binti wa miaka kama 18 akiwa na mtoto mgongoni. Alitaka mtoto wake abatizwe. Tulipofika kwenye sehemu ya fomu iliyoandikwa "Jina la baba", alinyamaza. Nikamwambia, "Binti, nenda kwanza ukalete jina la baba wa mtoto, ndipo tuendelee." Akanijibu kwa upole, "Mzee, jina lake ninalijua. Yeye ndiye hataki kunijua."

Mimi nilishikilia utaratibu. Binti aliondoka, na hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama mtoto yule alibatizwa. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, kwa sababu siku ile nilimfundisha mama yule, bila kukusudia, kwamba njia ya kumfikia Baba wa mbinguni inapita kwa mwanaume aliyemkimbia.

NENO "BABA" LILIVYOKUWA NYUMBANI KWETU

Katika familia nyingi za Kitanzania neno "baba" halikuwa la mtu mmoja. Kaka wa baba ni baba mkubwa, na mdogo wa baba ni baba mdogo. Shangazi naye, ingawa ni mwanamke, alikuwa na sauti ya upande wa baba katika ndoa na katika ugomvi wa nyumbani. Kwa upande wa mama alikuwepo mjomba. Mtoto aliyekosa ada ya shule alijua nyumba ya pili na ya tatu ya kwenda kuomba, na aliyefanya utukutu alijua kwamba hata jirani ana ruhusa ya kumwonya.

Kwa hiyo mwalimu wa Shule ya Jumapili alipofundisha Sala ya Bwana, hakuhitaji kueleza sana maana ya "Baba". Kila mtoto alikuwa na baba zaidi ya mmoja wa kulinganisha. Kama baba mzazi alikuwa mkali, pengine baba mdogo alikuwa mpole. Kama baba mzazi alifariki, ubaba haukufa pamoja naye.

NI NINI KILICHOBADILIKA?

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ndani ya miaka 10 idadi imezidi mara mbili, na hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hili ni watu waliohamia: wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutafuta malisho, wakulima wanaotafuta mashamba ya mahindi, mpunga na tumbaku, na vijana wanaofuata dhahabu katika machimbo kama ya Ibindi.

Familia inapohamia, kwa kawaida huja baba, mama na watoto. Baba mkubwa amebaki Kahama, mjomba yuko Kasulu, na babu ameshindwa safari. Hivyo ule ubaba uliokuwa umegawanywa kwa watu wengi sasa umebaki kwa mtu mmoja. Akiondoka huyo, hakuna wa kushika nafasi yake.

Na wengi huondoka. Mchimbaji anasikia kwamba dhahabu imetoka Chunya au Geita, anaaga kwa wiki mbili, zinakuwa miaka miwili. Mfugaji ana mji mmoja kijijini na mwingine kambini. Kwenye tumbaku, mama na watoto wanalima, wanachuma na kukausha, lakini malipo huja kwa msimu, mara nyingi kwa jina la mwanaume, na wako wanaofika mjini na fedha hizo wasirudi nazo.

Ndoa nazo si zile tulizozizoea katika mafundisho. Mtafiti Monique Borgerhoff Mulder wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyeanza kazi yake Mpimbwe mwaka 1995, alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu ndoa za Wapimbwe. Alionesha kwamba ni jambo la kawaida mwanaume au mwanamke kuoa au kuolewa, kuachana, kisha kuingia katika ndoa nyingine. Zaidi ya hayo, wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walikuwa na watoto hai wengi zaidi kuliko wenzao, wakati wanaume hawakupata faida kama hiyo. Kanisa linaweza kuhuzunishwa na hali hiyo, lakini lisikimbilie kusema kwamba wanawake hao ni wazembe wa maadili. Mara nyingi mama anayebadilisha nyumba anatafuta mahali ambapo watoto wake watakula.

Tena kuna mimba za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kwamba kiwango cha mkoa wetu kimeshuka hadi asilimia 34, na cha taifa asilimia 22. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Hata hivyo, msichana mmoja kati ya watatu bado ni wengi mno, na wengi wa watoto hao hulelewa na bibi upande wa mama.

TUSIIPAMBE ZAMANI

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Wazee wetu hupenda kusema kwamba zamani kila nyumba ilikuwa na baba. Historia ya mkoa huu inasema vingine.

Mwaka 1885 wamisionari Wakatoliki wanaojulikana kama Mapadri Weupe walichukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa watu wa kwanza waliolelewa pale walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Watoto hao hawakuwa na baba mkubwa wala baba mdogo. Wakawaita wageni hao "padri", neno ambalo asili yake ni Kireno na maana yake ni baba.

Katika Karema hiyo hiyo alifanya kazi Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mtoto mdogo huko Afrika Magharibi, akauzwa kuvuka jangwa, akakombolewa na wamisionari nchini Algeria, na baadaye akasomea utabibu kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akawa katekista na tabibu, na aliwatibu watu wa hapa mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyenyang'anywa baba yake utotoni alikuwa kama baba kwa wagonjwa wa mwambao mzima kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwalenga hasa wanaume wa Kihutu waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Maelfu walikimbilia kwetu, na makazi ya Katumba yakaanzishwa, yakifuatiwa na Mishamo mwaka 1978. Shirika la TCRS, chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilishiriki kujenga makazi hayo. Wengi waliofika walikuwa wajane na watoto ambao baba zao walibaki katika makaburi yasiyojulikana. Kuanzia mwaka 2014 walio wengi wamepewa uraia, na leo wajukuu zao ni Watanzania wenzetu, baadhi yao wazee wa kanisa.

Kwa hiyo nyumba isiyo na baba si jambo geni hapa. Tofauti ni kwamba zamani baba aliondolewa na vita, utumwa au kifo, na jamii ikamlilia. Leo baba yu hai, namba yake ya simu inajulikana, na hakuna anayemlilia.

JINSI WATOTO WANAVYOSIKIA SALA

Katika darasa moja la kipaimara niliwauliza watoto: baba ni nani? Nilitegemea majibu ya kitabuni. Mmoja alisema, "Baba ni mtu wa kwenye simu." Mwingine akasema, "Ni yule mama akisikia pikipiki yake anatuambia twende tukalale." Wa tatu akasema kwamba yeye ana bibi tu. Kisha tukasimama wote tukasali Baba Yetu.

Majibu hayo matatu yananisaidia kueleza kinachotokea katika imani.

Kwanza, yuko Baba wa kutuma. Mtoto anayemjua baba yake kwa ujumbe wa fedha tu, ni rahisi amjue Mungu hivyo hivyo: yuko mbali, lakini ukimwomba kwa nguvu anaweza kutuma. Mahubiri ya mafanikio yanapata wasikilizaji wengi hapa kwetu kwa sababu yanamweleza Mungu wa namna hiyo. Fedha isipoingia, mtoto anaamini kwamba Baba amemsahau.

Pili, yuko Baba wa kuogopwa. Kwa mtoto anayejificha akisikia pikipiki, neno "Baba" halileti faraja hata tukiliimba vizuri namna gani. Anaweza kuwa mtiifu sana kanisani, lakini utii wake ni wa kukwepa kipigo.

Tatu, iko nafasi iliyo wazi. Hapa nimejifunza jambo ambalo sikulitegemea. Mama mmoja mzee wa Katumba, ambaye baba yake aliuawa kabla hajamfahamu, aliwahi kunieleza kwamba yeye hapati shida kabisa kumwita Mungu Baba, kwa sababu hakuwa na picha nyingine ya kufuta. Kukosa baba na kuwa na baba mbaya si jambo moja, na mwalimu wa kipaimara anapaswa kujua ni mtoto yupi ana lipi.

Nafasi iliyo wazi ina hatari yake pia. Wako watumishi wanaojitambulisha kama "baba wa kiroho" na kudai utii, sadaka, na hata kuamua nani aolewe na nani. Kijana aliyekua bila baba huvutwa na sauti hiyo kwa urahisi. Yesu alituonya katika Mathayo 23:9 tusimpe mtu yeyote duniani nafasi ambayo ni ya Baba aliye mbinguni peke yake.

MAANDIKO NA LUTHER WANASEMAJE?

Wako wanaouliza kama tuendelee kulitumia neno hili, ikiwa linawaumiza baadhi ya watu. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba tusiliache, bali tulifundishe vizuri zaidi.

Jambo la kwanza: Mungu haitwi Baba kwa sababu anafanana na baba zetu. Mtume Paulo katika Waefeso 3:14-15 anaanzia juu: ubaba wote unapata jina lake kutoka kwa Mungu. Maana yake ni kwamba baba wa duniani ndiye anayepimwa kwa Mungu, wala si Mungu kupimwa kwa baba wa duniani. Mtoto aliyeachwa ana haki ya kusema, "Hivi sivyo baba anavyopaswa kuwa," na Biblia inamuunga mkono. Zaburi 27:10 inazungumza juu ya mtu aliyeachwa na baba na mama, naye Bwana akampokea. Zaburi 68:5 inamtaja Mungu kuwa baba wa yatima na mtetezi wa wajane.

Jambo la pili: Mungu si mwanaume. Lugha yetu inatusaidia, kwa kuwa Kiswahili kinasema "yeye" bila kutenganisha mume na mke. Isaya 49:15 na 66:13 humlinganisha Mungu na mama. Katika Hosea 11 Mungu anamfundisha mtoto kutembea, anamshika mikono na kumlisha, kazi ambazo hapa kwetu mara nyingi huachiwa mama na bibi. Mtoto anayelelewa na bibi asiambiwe kwamba hana mfano wa upendo wa Mungu. Anao, tena anakula mezani pake kila siku.

Jambo la tatu linamhusu Martin Luther mwenyewe. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa machimbo na viyeyusho vya shaba huko Mansfeld, Ujerumani. Alikuwa mkali. Luther alisimulia baadaye kwamba aliwahi kuchapwa na baba yake mpaka akamkimbia, na ikamchukua baba muda kumrudisha karibu. Alipoingia utawani mwaka 1505 baba yake alikasirika sana, kwa kuwa alitaka awe mwanasheria. Kwa miaka mingi Luther alimwogopa Mungu kama hakimu asiyeridhika. Lakini mwaka 1529, katika Katekisimo Ndogo, mtu huyo huyo alieleza kwamba Mungu anatuvuta kwa upendo tuamini kwamba ni Baba yetu wa kweli, ili tumwombe bila hofu kama watoto wanavyomwomba baba wanayempenda. Mtoto wa mchimba madini aliyechapwa ndiye aliyetupa maelezo hayo. Watoto wa machimbo yetu wanastahili kuisikia habari hiyo.

Tena mwaka 1522, alipoandika juu ya maisha ya ndoa, Luther alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto kwa imani, ingawa watu wanamcheka, Mungu na malaika wanamfurahia. Naomba Umoja wa Wanaume ulijadili jambo hilo kikao kijacho.

KAMATI ZA SHARIKA ZIFANYE NINI?

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matano ambayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Kitabu cha ubatizo. Mtoto asirudishwe kwa sababu jina la baba halipo. Sehemu hiyo ibaki wazi bila maneno ya aibu, na mchungaji azungumze na mama kwa faragha. Nidhamu ya kanisa kwa wazazi isimwadhibu mtoto.

2. Wadhamini wa ubatizo. Kwetu udhamini umekuwa jambo la siku moja, picha na pilau. Kwa familia zilizohamia, mdhamini ndiye baba mkubwa na shangazi aliyebaki Kahama. Baraza la wazee lichague wadhamini wanaoishi karibu, na kila mwaka liwaulize: mtoto yuko darasa la ngapi?

3. Darasa la kipaimara. Mwalimu aanze kwa kusikiliza kabla ya kufundisha kipengele cha Baba. Mtoto akionesha dalili za kupigwa au kunyanyaswa, suala hilo lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Lisimalizwe ofisini kwa maombi peke yake.

4. Haki za mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawawajibisha wazazi kumtunza mtoto hata kama hawakuoana, na mahakama inaweza kuamuru matunzo. Aidha, tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Wapo mama wadogo katika mitaa yetu ambao hawajaambiwa mambo haya. Kamati iwasindikize.

5. Wanaume waliopo. Tunawahubiria sana wanaume wasiokuwepo, ambao hawatusikii. Tuwatumie waliopo. Mwanaume anayemlea mtoto asiyemzaa anafanya kazi ya Yusufu wa Nazareti, na hatujawahi kumpongeza mbele ya usharika.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wote. Ninaomba mnivumilie kwa neno moja. Hata shirika linaweza kuwa "mtu wa kwenye simu", anayejulikana kwa kutuma. Mtoto anayepokea sare na madaftari kwa jina la mfadhili wa mbali anaweza kujifunza kwamba watu wa kwake hawana maana. Kwa hiyo tunaomba msaada upitie kwa yule anayemlea, awe bibi, mama mdogo au baba wa kambo, na yeye ndiye amkabidhi mtoto kwa mkono wake. Pia fomu zetu za miradi zinazouliza "jina la mkuu wa kaya" zikubali jina la mwanamke bila kuhoji. Tukija na mabati na dawati bila kuimarisha nyumba, tutakuwa tumejenga darasa zuri la watoto wasio na wa kuwauliza wamejifunza nini.

HITIMISHO

Bwana Yesu alipotufundisha kusali hakusema "Baba yangu". Alisema "Baba yetu". Kila anayelitamka neno hilo kanisani anakubali kwamba mtoto aliyesimama jirani naye ni ndugu yake, hata kama kitabu cha ubatizo kina nafasi wazi. Kwa mtoto ambaye neno "Baba" halimwambii kitu, au linamtisha, ni lile "yetu" ndilo litakalomweleza kwanza, kwa sababu analiona kwa macho: ni mimi na wewe.

Binti yule niliyemrudisha, kama bado yuko Mpanda, mtoto wake sasa amefikia umri wa kipaimara. Pengine ameandikishwa katika usharika wa mmoja wenu. Akija, tafadhali mpokeeni. Msimuulize jina la baba yake. Mwambieni tunalijua.